Nyumba ya Kushuka Garini

Nazungumza nawe uliye Ifakara mjini, Kibaoni, Lipangalala na Mlabani. Nazungumza nawe uliye ng'ambo ya mto, Lupiro na Malinyi, nawe uliye kwenye njia ya reli ya TAZARA, kuanzia Mang'ula mpaka Mlimba. Leo tuzungumze juu ya pikapu. Tuzungumze juu ya kuvua lile sanduku la nyuma ililotoka nalo kiwandani, kuweka bodi bapa mahali pake, na juu ya bodi hiyo kujenga chumba cha kulala.

Natangulia kusema ninachokiamini, ili ujue twendako. Gari la kulala lina kazi ya kweli katika bonde la Kilombero, na kazi hiyo iko shambani. Mafundi wetu wanaweza kulijenga. Ila likijengwa kwa ajili yetu, chumba chake sharti kiwe cha kushuka: kishushwe shambani kibaki na watu, na pikapu irudi barabarani kutafuta riziki.

Wenzetu wa Marekani, Ulaya na Australia wamelifanya jambo hili kwa miaka mingi. Mtu anachukua pikapu, anavua bodi ya kiwandani, anafunga jukwaa bapa la chuma au aluminiamu, kisha anajenga juu yake kijumba chenye kitanda, jiko na tenki la maji. Ijumaa jioni anaondoka na familia yake kwenda porini au ufukweni, Jumapili anarudi. Ni jambo zuri. Lakini ukilileta Ifakara vile vile lilivyo, litakuwa gari la mgeni anayekwenda kutazama maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, kisha akaenda zake. Mgeni huyo tunamkaribisha. Ila bonde hili lina wasafiri wengine, tena wengi zaidi kuliko yeye: wakulima wa mpunga wanaohama nyumba zao kila msimu.

Wewe unayelima unaujua mzunguko huo. Mvua za mwanzo zikianza kudondoka Novemba na Desemba, kaya inaanza kugawanyika. Shamba liko mbali na kijiji, chini bondeni, kule ambako maji yanafika. Kuna kulima, kuna kupanda, kuna kupalilia. Mpunga ukianza kutoa masuke, kuna kuamia, na kuamia ndiko kunakowafunga watu shambani kuliko kazi nyingine yoyote. Kwelea wanashuka alfajiri, nguruwe pori wanakuja usiku, na ukilala kijijini siku mbili unaweza kukuta jasho la miezi limekwenda. Kufikia mavuno, kati ya Mei na Julai, kuna watu wameishi shambani wiki kadhaa, na wengine miezi. Wanalala katika kibanda cha fito na nyasi, au juu ya dungu lililoezekwa turubai, na mlango ni kipande cha kanga au hakuna mlango kabisa. Watoto wadogo wamo humo humo pamoja na mama zao.

Sasa sikiliza habari hii, maana imetoka hapa hapa kwetu. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo iliyofunguliwa na Waswisi mjini hapa miaka ya 1950, ilichapisha mwaka 2016 utafiti juu ya wakulima hao hao wanaohama. Watafiti, wakiongozwa na Johnson Swai, walikwenda katika vijiji vinne vya Wilaya ya Ulanga, wakachukua vibanda 20 vya shambani na nyumba 20 za kijijini, wakahesabu mbu wa usiku. Hesabu zilikaribiana. Usidhani basi kwamba kibanda cha shambani ni salama kama nyumba. Maana yake ni kwamba mbu wanamfuata mtu popote alalapo, na aliye shambani yuko mbali na zahanati, mbali na duka la dawa, mbali na mwenye bodaboda wa kumkimbiza hospitali usiku mtoto akichemka.

Watafiti wale hawakuishia kuhesabu. Walibuni kibanda kinachohamishika, kisichopitisha mbu, wakakijaribu kwanza katika mazingira ya majaribio, kisha huko mashambani. Mbu walizuiwa. Wakulima walikipenda, na kwa kuwa wao ndio wenye shamba, wakasema pia ni wapi kinafaa kurekebishwa. Tangu nilipoijua kazi ile naona sehemu moja ya safari bado haijakamilika. Kibanda kinachohamishika kinahitaji kitu cha kukihamisha, na bonde letu limejaa pikapu, kirikuu na mafundi wa bodi. Tuviweke vitu hivyo pamoja.

Twende karakana. Mteja anafika, anamsalimu mzee: "Shikamoo fundi." "Marahaba, mwanangu. Tukusaidie nini?" "Nataka bodi ya pikapu, juu yake niweke chumba cha kulala." Fundi anayejua kazi hakimbilii grenda. Anauliza swali moja: "Na siku ambazo hulali humo, gari litabeba nini?"

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Pikapu ya Ifakara haina siku ya kukaa bure. Asubuhi imebeba mbolea, mchana imebeba mpunga kupeleka mashine ya kukoboa, jioni imebeba mbao, usiku mwenyewe anaamshwa kumpeleka mjamzito hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Ukijenga juu yake chumba kilichochomelewa moja kwa moja, umeifunga mikono. Chumba kitatumika msimu mmoja wa mwaka, na miezi mingine yote kitazuia mzigo. Ndiyo maana nasema kiwe cha kushuka. Bodi iwe bapa, ipakie na kupakua kutoka pande zote tatu, na chumba kiwe kitu cha peke yake chenye miguu minne. Ukifika shambani, miguu inateremshwa, chumba kinasimama, pikapu inachomoka chini yake na kuondoka. Watu wanaoamia wanabaki na chumba. Gari linarudi wiki inayofuata na maji, unga na habari za nyumbani.

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya kigeni. Nakataa. Afrika Mashariki imejenga bodi zake yenyewe kwa vizazi. Nairobi katika miaka ya 1970, mafundi wa jua kali walichukua pikapu za Peugeot 404, wakazivisha bodi za bati na mabenchi, zikawa matatu zilizobeba jiji. Dar es Salaam watu wazima wanayakumbuka magari ya chai maharage, abiria wameketi wakitazamana. Unguja, magari ya mbao yamejengwa na maseremala wa huko huko, paa la mbao, pembeni wazi ili upepo upite. Arusha kuna karakana ambazo leo zinachukua Land Cruiser, zinalirefusha na kulitia paa la kuinuka, na watalii wa dunia nzima wanapanda gari hilo kutazama simba Serengeti. Kazi ya kuchukua gari la mwenzako na kulifanya liendane na barabara yako tunaiweza. Kilichobaki ni kuamua tunaifanya kwa ajili ya nani.

Basi tuingie ndani ya kazi yenyewe, na tuanzie chini, kwenye chesi.

Ukitaka kujifunza kufunga bodi, lala chini ya Fuso lililoegeshwa sokoni uangalie. Utaona kwamba bodi haikukalishwa chuma juu ya chuma. Kati ya reli ya chesi na fremu ya bodi pamelazwa ubao mgumu, mrefu kama bodi yenyewe. Vitu viwili hivyo vimeshikwa na yubolti zilizozunguka reli nzima, zikakazwa kwa nati mbili mbili. Hakuna aliyechomelea bodi kwenye chesi, na kuna sababu. Gari likipita kwenye korongo, tairi moja juu na nyingine chini, chesi hujinyonga. Imeundwa ijinyonge. Bodi ngumu ikishikamanishwa nayo bila nafasi, kitu kimoja lazima kipasuke, na mara nyingi hupasuka pale palipochomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea umekwisha kuudhoofisha ule ukingo wa chuma. Kwa hiyo ubao uwepo, yubolti ziwepo, na zile za mbele ziwekewe springi fupi ili bodi iweze kunyanyuka kidogo chesi inapojinyonga, kisha irudi. Kama ni lazima kutoboa reli, tundu lipite ubavuni katikati, lisipite kwenye mdomo wa juu wala wa chini. Na kabla ya kuchomelea chochote garini, waya za betri zifunguliwe, maana umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua altaneta na vifaa vya kompyuta ya gari kwa dakika moja.

Mbao tunazo. Ng'ambo ya mto, Ulanga, na upande wetu huu wa Kilombero kuna mashamba makubwa ya mtiki yaliyoanza kupandwa miaka ya 1990. Mtiki hauozi upesi na mchwa hawaushambulii kirahisi. Ubao wa kukalia bodi, sakafu ya bodi na fremu ya mlango zikitoka kwenye mtiki, ulionunuliwa kihalali na wenye risiti, utazikuta nzima hata misimu mingi ikipita.

Sasa uzito, ndugu msikilizaji. Hapa ndipo magari ya kulala ya kujitengenezea yanapofia, huko Ulaya na hapa pia. Mtu anajenga kama anajenga nyumba ya kijijini, halafu anashangaa springi zimekatika Lupiro. Tuhesabu pamoja. Bomba la mraba la milimita 40, unene wa milimita 2, lenye urefu wa mita 6, lina uzito wa kama kilo 14. Ukitumia mabomba 8, ni kilo 112. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 12 ni kama kilo 20. Ukitumia karatasi 6, ni kilo 120. Bado hujaweka paa, godoro, ndoo mbili za maji za lita 20, chakula, jembe na jiko. Ukijumlisha vyote unafika kwenye kilo 350 au zaidi kidogo. Pikapu ya tani moja itabeba, na itabakiwa na nafasi ya magunia ya mbegu. Lakini usikisie. Kila mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara ina mzani wa magunia. Mwombe mwenye mashine, upime kipande kimoja kimoja kabla hujakifunga, uandike kwenye daftari. Na mzigo mzito kuliko yote, yaani maji, ukae mbele ya ekseli ya nyuma. Ukikaa nyuma yake, gari linanyanyua pua, na usukani unakuwa mwepesi pale pale unapouhitaji, kwenye utelezi.

Na kirikuu je? Wengi wenu mnacho kirikuu, mkopo wake mmeshamaliza au mko mbioni. Hiki ni kigari kilichobuniwa kwa sheria za Japani za magari madogo, injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, na mzigo wa kilo 350 tu. Huko kwao Wajapani wamekigeuza kuwa chumba cha kulala kwa ustadi wa ajabu, na wanalala humo. Chukua futi ukapime bodi ya kirikuu: urefu wake ni kama mita 1 na sentimita 94, upana kama mita 1 na sentimita 41. Godoro la futi 4 kwa 6 linaingia, na nafasi ya kuweka viatu inabaki. Lakini ile hesabu ya kilo 350 au zaidi kidogo tuliyofanya awali ingemaliza uwezo wake wote, hata kuupita. Kwa kirikuu tumia bomba la mraba la milimita 25, unene wa milimita moja na nusu, ambalo kwa urefu wa mita 6 halifiki kilo 7. Sakafu iwe plaiwudi, kuta ziwe turubai na wavu. Ukifanya hivyo, chumba na godoro lake vinakaribia kilo 100, na bado unayo nafasi ya maji na chakula. Wala kirikuu usikipeleke kwenye udongo mweusi wa mbugani mvua ikiwa imenyesha. Kishushe chumba pale njia ngumu inapoishia.

Tumefika kwenye miguu. Miguu minne, kila mmoja ni bomba ndani ya bomba lenye matundu ya pini, ili urefu urekebishwe. Mkono unaoushika mguu uvutike kwenda nje, upite upana wa matairi, la sivyo pikapu haitaweza kuchomoka. Mnapofika shambani mnatoa mikono, mnateremsha miguu, mnafungua minyororo inayokishika chumba kwenye bodi. Kisha mnapandisha kwa jeki, pembe moja kidogo, pembe ya pili kidogo, mkizunguka hivyo mpaka chumba kiachane na bodi. Asiwepo mtu chini yake wakati huo, na mtoto yeyote awe mbali. Chini ya kila mguu iwekwe sahani pana ya ubao, upana wa futi moja angalau, kwa sababu udongo wa mfinyanzi wa bonde letu ukilowa unameza kila kitu chembamba. Miguu iunganishwe kwa vyuma vya mshazari, na kamba nne zikazwe kwenye vigingi ili upepo wa jioni usikitikise chumba.

Gari likishaondoka, tazama kilichosimama pale shambani. Sakafu iko kama mita moja juu ya ardhi, mwenyewe unaona shamba lako lote, chini kuna kivuli cha kuwekea vyombo. Hilo ni dungu, ndugu zangu. Ni dungu lile lile walilolijenga babu zetu Wandamba, Wapogoro na Wambunga, tofauti ni kwamba hili lina sakafu isiyooza na kuta zisizopitisha mbu, na mwaka kesho hulijengi upya kwa kukata fito mpya.

Nikitaja kuta zisizopitisha mbu, naomba unisikilize kwa makini zaidi. Katika chumba hiki wavu unatangulia kitanda. Ukiishiwa pesa, acha kabati, acha rangi, acha sola, lakini wavu usiuache. Bondeni kwetu sehemu kubwa ya malaria inaenezwa na mbu wa jamii ya Anopheles funestus, na huyu anapenda kuingia ndani kumfuata mtu aliyelala. Anapita kwenye upenyo ambao wewe huuoni. Kwa hiyo fanya jaribio hili: mchana wa jua kali, jifungie ndani, ziba madirisha kwa nguo nzito, subiri macho yazoee giza, kisha tazama huku na huku. Kila panapoingia mwanga, mbu anaingia. Pembe za paa, tundu la waya, mlango unapokutana na sakafu, zote uzione na uzizibe kwa mpira au silikoni. Milango iwe miwili kwa kufuatana: wa nje wa ubao au turubai, wa ndani wa wavu wenye springi ya kuurudisha wenyewe, maana mtu aliyebeba mtoto na ndoo hana mkono wa tatu wa kufunga mlango. Matundu ya wavu yawe kama milimita moja na nusu au pungufu. Na hata hivyo, chandarua chenye dawa kitundikwe juu ya godoro. Kinga mbili ni bora kuliko moja.

Madirisha yawe makubwa, tena pande mbili zinazotazamana. Ifakara ni joto, na chumba chenye joto humtoa mtu nje saa mbili usiku kutafuta hewa, akakutana na mbu wale wale aliowakimbia. Paa liwe na tabaka mbili, bati juu na plaiwudi nyembamba au turubai chini, na kati yake upana wa kiganja upite upepo. Rangi ya juu iwe nyeupe. Gharama yake ni ndogo, na atakayelala humo ataujua umuhimu wake usiku wa kwanza.

Sasa jambo ambalo sitalipunguza hata neno. Usipike ndani ya chumba hiki kwa mkaa, wala usiingize jiko la mkaa kupata joto wakati wa mvua. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, na aliyelala haamki kujitetea. Chumba kilichozibwa vizuri dhidi ya mbu ni chumba kinachoifungia hewa hiyo ndani. Jiko likae nje, chini ya turubai la pembeni. Mtungi wa gesi nao ukae nje, kwenye kijisanduku chake chenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hushuka sakafuni. Petroli ya pampu ya maji haiingii ndani kabisa.

Na gari linapotembea, mtu asikae ndani ya chumba hicho. Najua watoto watalia wakitaka. Mahali pa mtu ni kwenye kiti chenye mkanda. Kabla ya kuanza kujenga, nenda ukaonane na askari wa usalama barabarani na mkaguzi wa magari, na uulize TRA kama bodi unayotaka itagusa taarifa zilizo kwenye kadi ya gari. Zungumza na bima yako pia. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na ni nafuu kuuliza ukiwa na mchoro kuliko kujieleza ukiwa na chuma kilichokwisha chomelewa.

Nasikia swali lako: "Sisi tusio na gari, haya yanatuhusu nini?" Yanakuhusu wewe kuliko yeyote. Ni wangapi kati yetu wana pawatila? Wachache. Na bado pawatila zimelima mashamba ya watu wengi bondeni, kwa sababu mwenye nayo anakodisha kwa ekari. Chumba cha kushuka kinaweza kwenda njia hiyo hiyo. Mwenye pikapu moja anaweza kuwa na vyumba kadhaa, akavisambaza mwanzo wa msimu, akavikusanya baada ya mavuno. Kikundi cha VICOBA kinaweza kujenga kimoja kikakizungusha kwa wanachama. Chama cha ushirika cha msingi kinaweza kuweka vyumba katika skimu moja na kuvikodisha kwa malipo ya mavuno. Hesabu ya mtu mmoja inaweza kuwa nzito, lakini ukiigawa kwa kaya na kwa miaka, ukaweka kando yake gharama ya kulaza mtoto hospitali kwa malaria kali na siku za kazi zilizopotea, utaiona kwa jicho jingine.

Msimu wa mpunga ukiisha, chumba hakilali njaa. Wahudumu wa chanjo wanaokwenda vitongoji vya mbali wanahitaji mahali pa kukaa na kuhifadhi vifaa. Mtafiti anayehesabu samaki na ndege katika ardhi oevu ya bonde letu, inayotambuliwa kimataifa na Mkataba wa Ramsar tangu 2002, anahitaji mahali pa kulala bila kujenga chochote cha kudumu. Na mgeni wa Udzungwa, niliyesema tunamkaribisha, anaweza kukodi chumba hicho hicho Agosti, pesa ikabaki Mang'ula. Ila tukumbushane: chumba kinachohamishika kisitufanye tuhamie kila mahali. Kuna maeneo ya wanyama, kuna mapito ya tembo, kuna kingo za mto ambazo kisheria hazilimwi. Na maji ya Machi na Aprili yakipanda, miguu ya mita moja si kinga. Gari liitwe mapema, chumba kiondoke njia ikiwa bado ngumu.

Nchi yetu imetufungulia njia kubwa. Wenye umri wanakumbuka kungoja pantoni kuvuka mto Kilombero, na wanakumbuka majonzi ya Januari 2016 pantoni ilipozama. Mwaka 2018 lilizinduliwa daraja lenye urefu wa mita 384, na leo pikapu inavuka kwenda Ulanga na Malinyi wakati wowote wa usiku na mchana. Barabara ya Kidatu kuja Ifakara, karibu kilomita 67, imewekwa lami. Gari linafika karibu na shamba kuliko wakati wowote uliopita. Mkulima anayefika huko bado analala kama alivyolala babu yake, na hapo ndipo penye deni letu.

Kwa hiyo ninamwomba kila mmoja jambo lake. Fundi wa bodi, msimu huu kabla ya mvua, chora chumba kimoja cha kushuka, ukipime kwenye mzani, ukionyeshe wateja wako. Mwalimu wa VETA Mikumi, wape wanafunzi wako wa kuchomelea na wa useremala kazi hii wafanye pamoja, chuma na mbao. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, mnajua mbu anapita wapi, njooni mkae na mafundi hawa karakanani mkiwa na vipimo vyenu. Viongozi wa ushirika, wekeni chumba kimoja cha majaribio katika skimu moja, muwaulize kina mama wanaolala humo nini kibadilishwe, kisha mkibadilishe. Nawe mkulima, ukikiona, kikague: piga magoti uangalie yubolti, ingia ndani mchana uzibe dirisha utafute mwanga, tikisa miguu yake. Ukikuta kasoro, iseme mbele ya fundi, kwa sababu wewe ndiye utakayelala humo.

Nawatakia msimu mwema, mavuno mengi, na usingizi usio na mbu.